Mgeni wa Bukavu Aliyezama Kwenye Simu

Haya aliniambia Mapendo mwenyewe, mtoto wa dada yangu, mwisho wa kiangazi kilichopita, tulipokuwa tunachambua maharagi ya Luberizi barazani kwangu Nyamianda. Mapendo ni OPJ, polisi wa kuuliza na kuandika. Watu wa kazi yake hawasemi ovyo, lakini maharagi ya mwaka ule yalikuwa na mawe, na mkono ukishughulika ulimi nao unatafuta kazi.

Ijumaa moja asubuhi mukubwa wa biro yao ya polisi alimuita, akasukuma simu yake juu ya meza. Kwenye simu kulikuwa picha. Shati jeupe lenye kola ya bluu, limekunjwa juu ya mchanga. Kando yake viatu vya ngozi, vya mwanaume. Nyuma yake ziwa, limetulia kama halijui kitu. Chini ya picha maneno: Mgeni wa Bukavu amezama jana kwenye plaji ya Bella. Wanaficha maiti. Musiende Uvira.

Tangu alfajiri picha ile ilikuwa inaruka simu kwa simu. Ilikuwa imefika Bukavu, imevuka mpaka Bujumbura, imepanda mpaka kwa wafugaji wa milimani ambao ziwa wanaliona kwa mbali tu, kama bati linalong'aa.

Mukubwa hakutaka maneno marefu. Jumapili wageni walikuwa wanatazamiwa kwa sikukuu ya plaji, magari mazima, na wote walikuwa wameitwa na Bella, msichana mwenye plaji hiyo, ufukwe wa kuogelea, kwa ukurasa wake wa Facebook unaoitwa Njoo Uone Uvira. Kama kuna maiti, alisema mukubwa, Bella ameificha ili sikukuu yake isife. Kama hakuna maiti, basi ametunga mwenyewe, sababu watoto wa siku hizi wanaweza kuua mutu ili watu waangalie ukurasa. Kwa njia zote mbili kosa ni lake. Afunge ukurasa, aombe msamaha mbele ya watu wote, la sivyo jioni ile alale mu kasho, mahabusu ya polisi.

"Na kama ni mwingine alitunga?" Mapendo aliuliza.

"Uniletee huyo mwingine mbele ya jua kuzama. Maiti yenye haiko na jina ndiyo inachafua muji kupita zote."

Kwa hiyo Mapendo alianza na jina. Aliuliza wenye magari ya Bukavu, akauliza polisi wa barabara ya Luberizi na wa Katogota, akauliza hoteli, akauliza hospitali, akauliza na mapadri, maana mtu akifa padri anajua kabla ya mjomba. Waliotoka Bukavu walikuwa wamefika, na waliofika walikuwa wanakula. Hakuna mke aliyekuwa analia kwenye barrière, kizuizi cha barabarani. Hakuna baba aliyekuwa anaomba mtumbwi wa kutafutia. Mtu wa Bukavu akichelewa kidogo tu kupokea simu, ndugu zake wanaamsha ukoo mzima. Huyu alikuwa amezama, na hata kaka mmoja hakuuliza. Mapendo akaandika kwenye karatasi yake kwamba mgeni huyu amekufa bila kuzaliwa.

Bado kujua ni nani aliyemzaa.

Alimkuta Bella kwenye plaji yake, anapanga viti vya plastiki kuelekea maji, kama mtu ambaye hajasikia habari. Alikuwa amesikia. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini viti vilikuwa vimenyooka. Bella ni msichana mwembamba, ametoka shule ya Bukavu na diploma ambayo haikumpa kazi. Mwaka ule ziwa lilipopanda na kuingia mu nyumba za watu, wote walikuwa wanapiga picha za kuta zilizoanguka. Yeye alianza kupiga picha za maji. Alipiga milima inapogeuka bluu asubuhi, watoto wanaruka kutoka kwenye mtumbwi, mikeke, samaki wa ziwa hili, juu ya makaa, viboko wanapumua kule kwenye mdomo wa Ruzizi. Aliweka muziki, akaweka maneno ya kuchekesha, akajibu kila aliyetukana. Polepole watu wakaanza kuja.

Mapendo alimueleza amri ya mukubwa.

"Sifungi, Afande," Bella akasema, na mkono wake haukuacha kiti.

"Unajua maana ya kasho?"

"Najua. Na weye unajua mutu akiandika Uvira mu simu, inamutolea nini? Bunduki. Maji mu nyumba. Bunduki tena. Minye nilitaka mutu aandike Uvira, impe ziwa. Sasa niombe msamaha juu ya ziwa?"

Mapendo aliona hilo halikuwa swali la polisi. Aliuliza nani ana kinyongo naye. Bella akanyoosha kidevu kuelekea ukuta wa upande wa Kalundu: nyuma yake ni bar ya Antoine.

Antoine huyo mji mzima unamjua. Ana tumbo, ana redio kubwa, na kabla ya Bella yeye peke yake ndiye aliyekuwa na plaji yenye miavuli. Mwezi mmoja kabla ya picha ile alisema mbele ya meza nzima ya wanywaji kwamba kale kasichana kanauza maji ya Mungu, na kwamba siku moja maji hayo yatakageuka. Watu waliyakumbuka maneno hayo. Mapendo naye aliyakumbuka.

Antoine alimpokea kwa soda. Hakukataa maneno yake. Alisema aliyasema, tena angeyasema Jumapili akiwa na kipaza sauti. Halafu akaegemea meza.

"Lakini angalia, dada. Hiyo picha inasema watu wasiende wapi? Kwa Bella?"

"Uvira."

"Uvira. Kumbe minye niko Kalemie? Tangu asubuhi watu watatu wamenipigia, wanaondoa harusi yao hapa kwangu. Ziwa ni moja, dada. Mutu akisema linameza wageni, halichagui kiti cha kumezea. Adui yangu ni Bella, mie siyo adui ya tumbo yangu."

Alicheka, lakini kicheko kilikuwa kikavu. Mapendo aliangalia mchanga wake. Ulikuwa umechanwa kwa rato, ile chuma ya meno, mistari imenyooka kama ya daftari ya mtoto wa shule. Kijana wa kazi alikuwa anapita nayo, nyayo zake zinabaki nyuma yake kila mahali. Mapendo akamaliza soda, akaaga.

Alikaa juu ya ukuta mfupi, akaifungua ile picha tena, akaikuza kwa vidole viwili. Wote waliokuwa wameitazama waliona shati. Yeye alitafuta mchanga.

Mchanga haukuwa na mistari ya rato. Ulikuwa umefagiwa kwa fagio la vijiti, mistari imepinda kama mbavu za samaki, mbavu juu ya mbavu, mpaka mwisho wa picha. Na hapakuwa na unyayo. Hata mmoja. Mtu aliyevua nguo akaingia majini anaacha nyayo za kuingia. Mwongo aliyeleta nguo akaziweka naye anaacha nyayo za kutoka. Hapa nguo zilikuwa zimekaa katikati ya mchanga safi, kana kwamba zimetua toka mbinguni.

Jambo la pili lilikuwa pembeni, juu, upande wa kushoto: alama nyeupe, imetanda kidogo, kama tone la maziwa. Haikuwa wingu. Ilikuwa kwenye jicho la simu, mkwaruzo.

Mapendo alifungua ukurasa wa Bella, akaanza kurudi nyuma. Alipita wageni wa Pasaka, akapita watoto wa mtumbwi, akapita viboko. Jua lilikuwa linamchoma kichwani na yeye anarudi tu nyuma, mpaka video za kwanza kabisa. Tone la maziwa lilikuwepo. Juu, kushoto, kila video ya mwaka ule wa kwanza. Baadaye Bella alipata simu mpya, na tone likapotea.

Na katika kurudi nyuma huko aliona kitu kingine, ambacho hakukijua bado ni cha nini. Video zote zile, mchanga wote ule, ndagala, dagaa wetu, hakumuona. Pwani ya Uvira, ambapo mtoto anajua harufu ya ndagala kabla hajajua jina lake, na hakuna ndagala hata mmoja.

Alirudi kwa Bella.

"Simu yako ya kwanza, ile yenye ilikwaruzika jicho. Iko wapi?"

Bella alikuwa na jibu mdomoni. Mapendo aliliona linakuja, halafu akaliona linarudi.

"Ilipotea."

"Ilipotelea wapi?"

Bella akatazama ukuta wa upande ule mwingine, mara moja, haraka, akaondoa macho. Kisha akaweka kiti chini, akanyoosha mikono yote miwili mbele ya Mapendo, kama mtu anayepimwa bangili.

"Andika ni minye. Nilitunga mwenyewe, juu watu waangalie. Unipeleke. Lakini ukurasa sifungi, hata mu kasho nitauandikia."

Kama mukubwa angekuwa pale, kazi ingekwisha. Mapendo alikuwa na alama ya simu, alikuwa na mkosaji, alikuwa na maneno ya mkosaji. Mapendo aliniambia: mama, mutu anayekana kosa unamfuata taratibu, lakini anayelikimbilia namna ile, uangalie ni nani amesimama nyuma yake. Akamwambia Bella arudishe mikono. Akaenda upande ambao macho yale yalikuwa yameenda.

Nyuma ya ukuta ule wa pili plaji inakwisha na kazi inaanza. Ndipo wanawake wa ndagala wanapoanika. Zamani walikuwa na mchanga mpana mpaka huko kwenye migazi, ile michikichi. Ziwa lilipopanda likaula. Kilichobaki walikigawana na viti vya Bella, na kila mwezi viti vinaongezeka na ukuta unasogea. Sasa walikuwa wamebanwa kwenye kipande kama mkeka, ndagala wameanikwa hata juu ya mabati.

Kunguru walikuwa wengi. Wanawake walikuwa wanapiga makofi, wanawarushia vijiwe, na kunguru wanaruka kidogo na kurudi. Katikati ya ndagala kulikuwa miti miwili imefungwa msalaba, ile ya kuvalishwa nguo ili ndege waone ni mtu. Msalaba ulikuwa uchi.

Kando yake mama mmoja mzee alikuwa anafagia. Alifagia kinyumenyume, mgongo mbele, ameinama, fagio linapita mbele ya miguu yake na kufuta kila alipokanyaga. Wanawake wote wa ndagala wanafagia hivyo. Chakula kinakuja kulala pale, na chakula hakilali juu ya unyayo. Mapendo alizaliwa pwani hiyo. Alishachapwa kwa kukanyaga mchanga uliofagiwa kabla hajajua kuandika jina lake. Lakini wale wengine mbavu zao za mchangani zilipindia upande mmoja, na za mama huyu zilipindia upande mwingine, sababu alishika fagio kwa mkono wa kushoto. Wa kuume ulivunjwa na ukuta siku ile mto Mulongwe ulipobeba nyumba za watu, haukukunjuka tena.

Mapendo aliinua simu, akalinganisha. Hakuhitaji kukuza.

Alikuwa Marie-Jeanne, mama mukubwa wa Bella, dada wa mama yake. Ndiye aliyemlea. Ndiye aliyeuza ndagala mpaka diploma ikatoka.

Mapendo alisimama pembeni, hakukanyaga. Alisalimu kama inavyotakiwa, akauliza habari za mkono, akauliza habari za ndagala. Marie-Jeanne alijibu zote bila kuacha kufagia. Halafu Mapendo akauliza mbona kunguru wamekuwa na kiburi.

"Mulinzi wetu amesafiri," mama akasema.

"Amesafiri wapi?"

"Si unamubeba mu simu yako? Muji wote unamubeba."

Wanawake wengine wakaacha kupiga makofi. Marie-Jeanne akasimama, akajinyoosha kiuno, akaenda kwenye beseni lake, akatoa shati jeupe lenye kola ya bluu. Lilinuka samaki. Mgongoni lilikuwa linang'aa unga wa magamba.

"Huyu hapa, mufu wenu. Anafukuza kunguru, Bukavu haijui hata kwa picha. Viatu, ziwa ndilo lilileta, siku ile lilimeza nyumba. Ulijua namna gani, binti yangu?"

"Ulifagia, mama."

Marie-Jeanne akatazama mchanga, akatazama mkono wake wa kushoto. Alicheka kidogo puani.

"Niliweka nguo, nikaona nimekanyagakanyaga hapo. Mukono ukaenda wenyewe."

"Kwa nini mama? Huyu mutoto ni wako."

Hapo Bella alikuwa amefika. Alikuwa amemfuata Mapendo kwa mbali, akasimama kwenye ukuta, simu mkononi imeelekea chini. Marie-Jeanne alimuona, na maneno yake aliyaelekeza huko.

Alisema siku zote Bella akija na simu yake anawaambia kwanza, mama zangu, mujisogeze kidogo, mutoke mu picha. Wanajisogeza. Wanaondoa mabeseni, wanafunika ndagala, wanakaa nyuma ya ukuta kama wezi mpaka amalize. Kesho yake ukuta nao unajisogeza. Alimuambia Bella mara ya kwanza, Bella akasema wageni hawapendi harufu. Alimuambia mara ya pili, Bella akasema, mama mukubwa, hauelewe mambo ya Facebook. Akampa ile simu ya zamani ili ajifunze. Basi akajifunza.

"Andika, Afande," Marie-Jeanne akasema. "Andika jina langu lote, usikate. Nilizamisha mutu mwenye hayuko, sababu picha yenu iliniondoa minye mwenye niko."

Kunguru waliendelea kula ndagala.

Bella alikuwa amekuja kumfunika mama yake mukubwa, na sasa hakujua amfunike na nini. Mwisho aliuliza, kwa sauti ndogo, kama shati liko na zamu ya kurudi kazini. Marie-Jeanne akasema liko. Bella akavua viatu, akapita pembeni ya mchanga uliofagiwa, kule kwenye ukingo, kama alivyofundishwa utotoni, akamsaidia kuuvalisha msalaba lile shati. Kunguru wakaruka, na safari hii hawakurudi.

Kisha Bella akainua simu. Mama mmoja akaanza kuvuta beseni lake kando, kwa mazoea.

"Wacha hapo," Bella akasema. "Mubaki wote. Mama mukubwa, weye ndiye utasema."

Mapendo angeweza kukataza. Mshitakiwa hasemi kwenye simu kabla hajasema kwenye PV, karatasi ya maelezo ya polisi. Aliniambia aliangalia pembeni, akajifanya anahesabu mitumbwi.

Marie-Jeanne alijifunga kitenge upya, akasimama kando ya shati. Hakuomba msamaha kwa ukurasa, wala hakumuomba mtu aje. Alisema jina lake, akasema ndiye aliyedanganya, hakuna aliyezama, mufu ni huyu anafukuza ndege. Akasema hapa ni Uvira, panaogwa na panaanikwa. Ukuta huu Jumapili utarudi mahali ulipokuwa, na anayeona harufu ya ndagala ni mbaya, ziwa ni refu, linaendelea mpaka Zambia, atafute pua yake inapopenda. Mwenye kuja, aje na njaa. Asikanyage palipofagiwa.

Bella hakukata neno hata moja. Hakuweka muziki.

Mbele ya jua kuzama Mapendo alikuwa biro, na mwingine aliyeahidiwa alikuwa amesimama kando yake kwa miguu yake mwenyewe, na mkeka chini ya kwapa. Mukubwa alikuwa tayari ameiona video; wote walikuwa wameiona. Alitaka kukasirika, lakini simu yake haikumpa nafasi. Kutoka Bukavu, kutoka Luberizi, watu walikuwa wanaandika: Tunakuja. Mwingine: Huyo mama muuaji atakuwepo Jumapili? Tunamtaka yeye, viti mukae navyo. Mwingine alitukana, na Marie-Jeanne akaomba asomewe tena tusi hilo, akasema huyo hajui kutukana, hakulelewa karibu na maji.

"Ukurasa haufungwi, mukubwa," Mapendo akasema. "Maiti imepatikana, iko mu kazi yake. Mwenye kosa amesema, nimeandika, ametia kidole."

Mukubwa alizunguka meza. Uongo ni kosa, akasema, na hakudanganya. Usiku mmoja wa kasho, ili watu wasiseme polisi inachezewa na mabibi. Jumamosi arudi kwao.

"Nimekuja na mukeka," Marie-Jeanne akamjibu. "Fagio muko nayo?"

Walimpa. Mlango wa kasho haukufungwa, sababu hakuna aliyetaka kuwa yeye wa kuufunga. Aliinama na mkono wake wa kushoto, akaanzia kwenye kizingiti, akaenda kinyumenyume mpaka pembe ya ndani, mbavu juu ya mbavu kwenye vumbi la sakafu, akatandika mkeka alipofika, akalala na uso ukutani. Bella alikataa kwenda nyumbani. Alikaa kwenye benchi nje ya mlango, anajibu watu mmoja mmoja, mpaka simu ikamteleza mapajani na kichwa kikaegemea ukuta.

Mapendo alibaki na PV ya kumalizia. Alipoimaliza alitaka kumpelekea mama shuka, maana upepo wa ziwa ulikuwa umeanza. Alifika kwenye kizingiti, akaangalia chini. Toka mlangoni mpaka mkekani hapakuwa na unyayo hata mmoja. Akasimama hapo na shuka mkononi. Kisha akarudi polepole, akamfunika nayo Bella, akaweka kichwa juu ya meza, juu ya mikono yake, naye akalala.